Tuzo Ikitangazwa, Kitabu Kiwe Tayari Rafuni

Tangu serikali ianze mwaka 2018 kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za sekondari za umma, sisi wenye maduka ya vitabu hapa Nakuru tunamtegemea zaidi msomaji mmoja mmoja. Huyu haji na orodha ya shule. Amesikia redioni kwamba fulani ameshinda tuzo, Jumamosi yuko mjini, anapita kuulizia. Ukimwambia arudi wiki ijayo, harudi.

Kwa hiyo mwenzangu unayeanza, usimngoje mshindi. Fuatilia orodha ya wanaowania.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021, wateja wengi walikuwa wanalisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Na bado riwaya yake ya Paradise ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Booker, ile ya riwaya za Kiingereza, mwaka 1994! Miaka 27 jina hilo lilikuwa wazi kwa yeyote anayezisoma orodha hizo. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam wakaitoa kwa jina Peponi mwaka 2022. Mwalimu mmoja wa Njoro aliishika nakala yake pale kaunta, hata maneno ya nyuma ya jalada hakuyatazama. Alifungua katikati, akasoma ukurasa mzima huku midomo ikichezacheza, kisha akauliza bei. Msomaji wa namna hiyo mwachie nafasi, usimsemeshe.

Chukua nakala tatu nne tu, na ukiweza uchukue kwa mali kauli, ulipe zikishauzika. Wachapishaji hukubali kwa wepesi kabla ya matokeo. Yakishatoka, wanataka pesa taslimu, na oda yako inakaa nyuma ya zile za maduka makubwa ya Nairobi.

Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kama Mabati-Cornell, ina utaratibu wake. Hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo mshindi anaweza kutangazwa leo na kitabu kisiwepo popote. Usimwahidi mteja tarehe. Andika jina lake na namba ya simu kwenye daftari, umpigie kitabu kikifika. Mimi naipenda sana tuzo hii, maana inamwinua mwandishi wa Kiswahili angali na karatasi zake mkononi.

Usisahau wa nyumbani. Mwandishi Binyavanga Wainaina alizaliwa hapa Nakuru mwaka 1971 na akashinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2002. Mwaka uliofuata ikaenda kwa Mkenya mwingine, Yvonne Adhiambo Owuor. Kwenye rafu nimeweka kadi niliyoandika kwa kalamu: "Mzaliwa wa Nakuru." Wanafunzi wanaokuja kununua kalamu husimama hapo, na wengine hurudi na mzazi.

Lakini kadi haitoshi kama hujasoma. Soma angalau sura ya kwanza ya kila kitabu unachokiagiza, ili mama akikuuliza kama kinamfaa binti yake wa sekondari umjibu kwa uhakika.

Maonyesho ya vitabu ya Nairobi huwa Septemba, Nobeli hutangazwa Oktoba, na hiyo ndiyo miezi duka limetulia. Agiza mwisho wa Agosti, kabla pesa haijaanza kuingia kwenye madaftari na sare za Januari.