Kulinganisha saa za vifaa vya ofisi kwa usalama

Umeuliza kama inatosha kuzielekeza kompyuta zote za ofisi kwenye seva ya saa kwa NTP ya kawaida, yaani itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Saa zitalingana, lakini usalama hautakuwapo, kwa kuwa pakiti za saa (vifurushi vya data) hupita kwenye poti (mlango wa mtandao) ya UDP 123 bila uthibitisho, na mtu aliyejipenyeza njiani anaweza kurudisha saa nyuma hadi cheti cha usalama (kinachothibitisha utambulisho wa seva) kilichokwisha muda kionekane halali. Tumia NTS, nyongeza ya usalama ya NTP iliyochapishwa mwaka 2020 kama waraka wa viwango vya intaneti RFC 8915: kifaa hukubaliana funguo na seva kupitia TLS (njia ya mawasiliano yaliyosimbwa), kwa kawaida kwenye poti ya TCP 4460, kisha kila pakiti ya saa huthibitishwa kwa funguo hizo. Programu ya kulinganisha saa iitwayo chrony inaiwezesha tangu toleo la 4.0; ongeza neno nts kwenye mstari wa seva katika faili yake ya mipangilio. Kinachosumbua zaidi, nacho husahaulika, ni vifaa visivyo na betri ya saa, ambavyo vikiwashwa huweza kudhani ni mwaka 1970 na kukikataa cheti cha seva yenyewe ya NTS. Kwa vifaa hivyo tu, weka kwenye chrony agizo la nocerttimecheck 1, linaloahirisha ukaguzi wa tarehe za cheti hadi saa irekebishwe mara ya kwanza.