Kuchungulia ndani ya kisukuku bila kukivunja

SWALI: Tuna fuvu la kisukuku lenye upana wa sentimita 20, ndani limejaa jiwe. Tumepata nafasi kwenye skana ya CT ya hospitali, mashine ya eksirei inayoonyesha ndani ya kitu kipande kwa kipande. Je, inatosha?

JIBU: Inatosha kwa kuanzia. Skana ya hospitali hupiga picha za vipande vyenye unene wa takriban nusu milimita, na volti zake, zinazoipa mionzi nguvu ya kupenya, huishia karibu kilovolti 140. Itawaonyesha nyufa kubwa, mahali jiwe lilipojaa na mahali palipobaki wazi, na meno ambayo hayajaota. Mifereji ya sikio la ndani, hata hivyo, itatoka kama ukungu.

Kabla ya kuomba mashine ya maabara, inayoona vitu vidogo zaidi, pigeni hesabu moja: gawanyeni upana wa kitu kwa idadi ya pikseli za upana wa kigunduzi, yaani bamba linalopokea mionzi. Milimita 200 kwa pikseli 2,000 ni milimita 0.1, na huo ndio ukubwa wa kila vokseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha ya pande tatu. Jino la milimita 20 kwenye kigunduzi hicho hicho litawapa milimita 0.01. Kwa hiyo fuvu zima hupigwa mara moja, kisha sehemu muhimu hupigwa peke yake kwa karibu. Anayewaahidi mikromita 5 (milimita 0.005) kwa fuvu zima kwa mkupuo mmoja, muulizeni kigunduzi chake kina pikseli ngapi.

Kuhesabu mistari ya ukuaji wa kila siku kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino, kunadai vokseli isiyofika mikromita moja, na hiyo ni kazi ya sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana. Ndivyo lilivyofanyiwa fuvu la Alesi, nyani mchanga aliyeishi miaka milioni 13 iliyopita na kupatikana Napudet, Turkana, mwaka 2014. Mistari ya meno yaliyokuwa bado ndani ya taya ilionyesha kwamba alikufa akiwa na umri wa takriban mwaka mmoja na miezi minne.

SWALI: Picha za taya letu zina kingo nyeupe na katikati giza, zina miduara, na mipaka inaonekana mara mbili. Mashine ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Hizo ni kasoro tatu, na kila moja ina chanzo chake.

Giza la katikati linatokana na mionzi dhaifu kumezwa na sehemu za nje, ile yenye nguvu tu ikafika ndani. Kompyuta hudhani katikati ni pepesi kuliko kingo. Wekeni bati la shaba la milimita 0.5 hadi 1 mbele ya bomba la eksirei, pandisheni volti, na ongezeni muda wa kila picha, maana shaba inameza pia mionzi mnayoihitaji. Taya lisilazwe. Lisimamisheni, ili mionzi ipite kwenye unene wake na si kwenye urefu wote.

Miduara huchorwa na pikseli za kigunduzi zinazosoma vibaya. Acheni bomba lipate joto, kisha pigeni upya picha za usawazishaji bila kitu ndani, mionzi ikiwaka na ikiwa imezimwa.

Mipaka miwili maana yake taya lilisogea, na hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Kigunduzi cha pikseli 2,000 kinahitaji kama picha 3,100 kwa mzunguko kamili. Kila picha ikichukua sekunde mbili, hiyo ni saa moja na dakika 43. Sponji iliyobanwa huendelea kulegea taratibu muda wote huo. Fungeni taya ndani ya mrija wa plastiki wenye sponji, liacheni litulie nusu saa, ndipo muanze. Msilishikize kwa udongo wa kuchezea: una chokaa, nao utatokea kwenye picha kama jiwe. Mwishoni linganisheni picha ya nyuzi 0 na ya nyuzi 360. Zikipishana hata kidogo, mmejua kilichotokea.

SWALI: Mfupa na jiwe vimetoka kijivu kile kile. Programu inashindwa kuvitenganisha.

JIBU: Skana haijui mfupa ni nini, inapima tu kiasi cha mionzi kilichozuiwa. Jiwe la chokaa na mfupa uliogeuka kisukuku huzuia karibu sawa. Kipande kikiwa kidogo, jaribuni kushusha volti, kwa kuwa tofauti za madini huonekana zaidi kwenye nguvu ndogo. Jiwe lenye chuma kingi hupitika vizuri zaidi kwa nyutroni, chembe zinazotumika badala ya eksirei, lakini gundi ya zamani iliyopakwa kisukuku ina hidrojeni, nayo huzizuia. Baada ya nyutroni, kisukuku pia kinaweza kubaki kikitoa mionzi chenyewe kwa muda na kulazimika kufungiwa.

Vinginevyo ni mkono. Kwenye 3D Slicer, programu ya bure, pakeni rangi mfupa kwenye kila picha ya kumi na muiachie programu ijaze katikati, kisha mkague. Penye mpaka wa mfupa na hewa, kizingiti (kiwango cha kijivu kinachotenganisha viwili hivyo) kiwe nusu ya njia kati ya kijivu cha mfupa na cha hewa. Kikihama, unene wa enameli mtakaoupima unahama nacho.

SWALI: Mionzi hudhuru kisukuku?

JIBU: Umbo haliguswi. Kinachoweza kuathirika ni DNA ya kale na upimaji wa umri unaotegemea mionzi iliyojikusanya kwenye jino. Kama vipimo hivyo vimo kwenye mpango, chukueni sampuli kwanza, kisha ndipo mpige skani.