Jibu: Kutembelea mitaa ya wachoraji Lubumbashi na mama mwenye magoti mabaya

Dada, nimekuelewa: mko wanne, magoti ya mama yanasumbua, na hujui kama matembezi ya miguu na kiongozi wa watalii yatamfaa. Yatamfaa, ila kundi lisizidi watu sita. Sisi tulikuwa kumi na watano. Nusu ya maneno hatukusikia, na mchoraji mmoja akatuacha mlangoni kwa kukosa nafasi.

Kabla ya kulipa, mpime kiongozi. Muulize juu ya Hangar, karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, walimochorea Pilipili, Bela na Mwenze. Halafu muulize juu ya Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya Zaire miaka ya 1970. Akibabaika, huyo ni wa kuonyesha njia tu, na njia hata mtoto anaijua.

Anzeni asubuhi, Juni au Julai, hakuna matope. Mkubaliane mapema teksi iwafuate, mama apande akichoka. Magoti yakiwa yamevimba, amwone daktari kwanza.

Bebeni vitambulisho. Msipige picha askari wala majengo ya serikali. Msanii naye aombwe ruhusa. Bebeni na faranga ndogondogo, chenji ni shida.