Mishororo Miwili Inatosha: Ushauri kwa Anayeanza Kutunga Tathnia

Wengi wetu tuliingia ushairi kwa tarbia. Ndiyo tuliyofundishwa shuleni, na tangu mshairi Muyaka bin Haji alipoipa nguvu kule Mombasa katika karne ya 19, mishororo minne imekuwa kama ndiyo sura ya shairi lenyewe. Nami nilitunga hivyo miaka mingi, mpaka mama alipofariki nikaandika ubeti huu:

Kanga ya mama kambani, imekauka kwa jua,
Mwenyewe yu kaburini, nani ataianua?
Jamani sikilizeni, uchungu tunaujua,
Tumebaki majonzini, Mola ndiye anajua.

Nilimpelekea mzee mmoja, mtunzi wa siku nyingi. Akausoma kwa sauti, akaishia "ataianua", akanitazama. "Mwanangu, ubeti umekwisha hapa. Hii miwili iliyobaki inafanya nini?"

Iliniuma, maana vina vilikuwa sawa na mizani ilitimia, silabi nane kwa nane. Lakini nilipoisoma tena nikaona: mshororo wa tatu unawaomba watu wasikilize wakati wameshasikia, na wa nne unataja majonzi ambayo kanga imeshayaonyesha. Nikaikata. Ikabaki tathnia, ubeti wa mishororo miwili.

Kwa hiyo ukianza, usitafute wazo dogo ukidhani ubeti mfupi hauwezi kubeba zito. Tathnia ya mizani 16 kwa mshororo ina mizani 32, sawasawa na ubeti wa utenzi wa vipande vinne vya mizani nane. Uzito ni ule ule. Tofauti ni maungio. Utenzi hukupa vipande vitatu vya kina kimoja kabla ya kufunga, unaweza kwenda polepole. Tathnia ina pumziko moja tu kubwa, kati ya mshororo wa kwanza na wa pili. Mshororo wa kwanza uweke kitu mbele ya macho, wa pili ukigeuze.

Jihadhari na kina cha "-ni". Ni chepesi mno: jamani, sikieni, duniani, moyoni. Mimi hutafuta kwanza neno la mwisho la mshororo wa pili, lile lisiloweza kubadilishwa, ndipo nirudi juu. Hapo nilianza na "ataianua". Jua likaja lenyewe.

Kibwagizo nakushauri ukiache. Katika tarbia ukirudia mshororo wa nne umetumia robo ya ubeti, lakini katika tathnia umetumia nusu nzima.

Ukimaliza, msomee mtu mshororo wa kwanza, kisha nyamaza. Akiweza kukisia wa pili, andika mwingine. Dada yangu nilimsomea ule wa kanga, akasubiri. Nikamsomea wa pili. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Niliianua mimi, magharibi ile ile. Sikuwaambia."