Je, Papa huchaguliwa na Roho Mtakatifu au na siasa za makardinali?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Tunafundishwa kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayetuchagulia Papa. Lakini alipofariki Papa Fransisko, kila nilichosikia ni makundi, wahafidhina na wanamageuzi, na nani ana kura ngapi. Imani yangu ilitikisika. Tena mimi nilimwombea kardinali mmoja achaguliwe, naye hakuchaguliwa. Je, nilikosa?

JIBU: Milele, Amina. Mwanangu, wanaochagua ni makardinali, kwa akili zao na hiari zao. Roho Mtakatifu huwaangazia, wala hawashiki mkono wakaandika wasichotaka. Kardinali Ratzinger, miaka kadhaa kabla hajawa Papa mwenyewe (Benedikto XVI), alisema wazi kwamba wako mapapa ambao ni dhahiri Roho Mtakatifu asingewachagua. Kristo aliahidi kwamba milango ya kuzimu haitalishinda Kanisa. Hakuahidi kwamba kila atakayeketi katika kiti cha Petro atakuwa bora kuliko wote.

Mitume nao, walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda, hawakuanza kwa kura. Walikubaliana kwanza sifa za anayefaa, wakaweka mbele watu wawili, wakasali, ndipo kura ikamwangukia Mathiya (Mdo 1:21-26). Kushauriana, basi, si dhambi. Katiba ya Kitume, yaani sheria ya uchaguzi wa Papa, aliyoitoa Yohane Paulo II mwaka 1996, inawaruhusu makardinali kubadilishana mawazo kuhusu uchaguzi wakati kiti kiko wazi. Inachokataza ni mapatano: nipe kura, nami nitakupa cheo. Ahadi ya namna hiyo ni batili, na anayeifanya ametengwa na Kanisa papo hapo.

Siasa za kweli, zile chafu, Kanisa limezijua. Mwaka 1903 kardinali wa Krakow alisimama katika uchaguzi akatangaza kwamba mfalme wa Austria hamtaki Kardinali Rampolla. Akachaguliwa Giuseppe Sarto, Papa Pius X, ambaye mwaka uliofuata alipiga marufuku kabisa mtawala yeyote kuingilia namna hiyo. Tazama: aliyenufaika na zuio ndiye aliyeliua! Hapo mimi naiona neema ikifanya kazi kuliko katika moshi mweupe unaotangaza kwamba Papa amepatikana.

Mei 2025 walikuwa wapiga kura 133, na zilihitajika 89, yaani theluthi mbili. Kundi moja peke yake ni vigumu kufikisha hizo. Ilibidi watu waachie waliyempenda. Na kila mmoja, kabla ya kutumbukiza karatasi yake, humwita Kristo atakayemhukumu awe shahidi kwamba anamchagua yule anayeona anafaa mbele za Mungu. Huapa hivyo akiwa mbele ya ule mchoro wa Michelangelo wa Hukumu ya Mwisho.

Kuhusu sala yako, hukukosa. Yule kardinali uliyemwombea bado anaihitaji, na Papa Leo XIV anaihitaji zaidi.