Uliza Ujibiwe: Paini imevunwa, mabaki nifanyeje?

Wiki hii barua nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini na karibu zote zinaulizia kitu kimoja: miti imeuzwa, hela imeshaliwa, shamba limebaki na rundo. Nimechukua tatu.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina ekari 4 za paini huku Mufindi, niliuza miti ikiwa imesimama, jamaa akaja na dingidongi lake, ile mashine ya kupasua mbao inayohamishika, akapasua humohumo shambani akasepa. Sasa kumejaa matawi, vichwa vya miti, mabanzi (vile vipande vya pembeni vya gogo vyenye ganda) na vumbi la mbao kilima kizima, na kila jioni watu wanapita wanajibebea mabanzi mi naangalia tu. Nataka nipande tena mvua zikianza. Wazee wanasema choma vyote shamba liwe safi. Nichome?

JIBU: Marahaba. Usichome kijana. Kwanza kuchoma tu kunataka kibali, na moto wa kiangazi huko kwenu ukikuponyoka unaenda kuishia kwenye miti ya mwenzio, hapo utalipa mpaka ukome. Halafu ukichoma vyote unachoma mbolea. Majani ya paini na vile vitawi vyembamba ndo vimebeba sehemu kubwa ya chakula ambacho mti ulikivuta ardhini, lile gogo nene lina kidogo sana ukilinganisha na uzito wake. Kwa hiyo vyembamba vyote viache shambani, vipange mistari kukatisha mteremko ili vizuie maji yasibebe udongo, miche upande katikati ya mistari. Ukipanda mita 3 kwa 3 ekari moja inabeba miche kama 440 hivi, nafasi ipo, usiogope.

Vinene ndo vya kuuza. Mabanzi yachambue siku hiyohiyo, usingoje yaanze kuota uyoga: yale yenye nyama unaweza kuyarudisha kwenye mashine yakatoa papi, zile mbao nyembamba, marefu yaliyonyooka yanatakiwa na wanaojenga mabanda na uzio, mafupi na yaliyopinda ni kuni. Wachoma tofali wapo, viwanda vya chai huko Mufindi navyo vinakausha majani kwa kuni, ila kila mnunuzi ana aina na urefu anaotaka, ukaulize kwanza ndo ukate. Na usiuze kuni mbichi! Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, unalipia fuso kubeba maji, na zikifika jikoni moto unahangaika kukausha badala ya kupika. Zipange juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, ganda liangalie juu, upepo upite katikati, kiangazi kikiisha zimekuwa nyepesi na moto wake kwa kila kilo unakaribia mara mbili ya zile mbichi.

Vumbi usiliache kilima. Rundo kubwa la vumbi bichi linajipasha lenyewe ndani mpaka linaweza kuwaka bila mtu kuleta kiberiti. Na usilichimbie kwenye mahindi likiwa bichi, litanyonya naitrojeni mahindi yawe ya njano, liache lioze kwanza pamoja na samadi.

Hao wanaobeba mabanzi sina la kukwambia zuri, maana uliuza bila kuandika mabaki ni ya nani. Safari ijayo iandikwe kwenye karatasi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kabla mashine haijaingia. Na mwangalie msumeno wake. Dingidongi lenye msumeno wa duara mnene linakula milimita 6 kila likipita, maana yake likipita mara nne ubao mzima wa inchi moja umeshakuwa vumbi. Msumeno wa mkanda unakula kama milimita 2 tu. Kile kilima kinachokusumbua, kipande kikubwa kilikuwa mbao. Mabanzi ukiyatoa kwenda mbali pitia ofisi ya misitu upate TP, yaani kibali cha kusafirisha, hayo nayo ni mazao ya misitu, usije ukakwama kwenye geti na gari la watu.

SWALI: Habari za kazi. Mi napika maandazi Njombe mjini, nimeanza kutumia jiko la maranda maana mkaa umepanda. Moshi unaniua macho. Halafu kuna kijana ananiletea vipande vya nguzo za umeme bei poa, vinawaka vizuri sana. Sawa hiyo?

JIBU: Salama dada. Nianze na nguzo: acha leo. Nguzo imewekwa dawa, ule ukijani unaouona ni shaba, na ndani kuna kromu na arseniki, ukichoma sumu inatoka kwenye moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na wewe uko hapo na chakula cha watu. Majivu yake usimwage kwenye mchicha. Huyo kijana mwambie ukweli.

Moshi wa maranda mara nyingi ni unyevu. Yaanike juani mpaka ukiyafinya mkononi yasishikane. Weka chupa katikati ya jiko na kijiti kwenye tundu la chini vikutane, shindilia maranda pembeni kidogokidogo mpaka juu, kisha zungusha chupa taratibu uivute, halafu kijiti, libaki tundu la kupitisha hewa. Ukishindilia kilegevu yanaporomoka, hapo ndo moshi unapoanza. Hapohapo Njombe kampuni ya miti ya TANWAT wanazalisha umeme kwa mabaki ya miti tangu miaka ya 90, sasa wewe unashindwaje kuivisha maandazi?

SWALI: Nimekata mikaratusi ya nguzo, fundi wa kung'oa visiki anataka hela nyingi. Nimpe?

JIBU: Hapana! Mkaratusi unachipua kwenye kisiki, paini ndo hauchipui. Toa matawi na magome yaliyofunika visiki, machipukizi yakifika kimo cha mtu bakiza mawili yaliyonyooka, yale mengine ukate ukafanye fito. Hela ya fundi nunulia waya, mbuzi wa jirani wasiyamalize.