Nota za Kijerumani kwenye bendi ya Kiingereza: pa kuangalia kabla ya gwaride

Bendi nyingi za shaba Afrika Mashariki zimepangwa kwa mtindo wa Kiingereza: koneti, tenahoni za Eb (E iliyoshushwa nusu toni), baritoni, yufoniamu, tuba. Ukiziletea nota za Kijerumani, majina ndiyo yanayokwamisha kwanza.

Mjerumani akiandika B anamaanisha Bb. B halisi anaiita H, na Eb anaiita Es. Karatasi ya "Tenorhorn in B" ukimpa mpiga tenahoni yako ya Eb, kila nota italia juu kwa toni mbili na nusu, na watu watadhani hajafanya mazoezi. Mpe mpiga baritoni au yufoniamu anayesoma ufunguo wa G. Ataipiga kama ilivyo. Tenahoni wapewe "Horn in Es", bila kuandika upya hata nota moja. Kisha angalia melodi: kwa Wajerumani hubebwa na flugelhoni (ndugu wa tarumbeta mwenye sauti laini), zikiwa na karatasi mbili na wapigaji kadhaa, huku tarumbeta zikitia mapigo na vishindo. Bendi yenye flugelhoni moja tu itaizika. Gawia koneti karatasi hizo.

Kasi ni rahisi. Mwendo wa haraka wa Kijerumani ni mapigo 114 kwa dakika, wa Kiingereza 116 hadi 120. Ukiusukuma wimbo wa Kijerumani hadi 120, besi zinapoteza uzito wake, nami naona hapo ladha yote inaisha.

Mkusanyo wa nyimbo za jeshi la Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, ulioanzishwa 1817, una namba zinazosaidia kuchagua (AM ni Armeemarsch, wimbo wa gwaride la jeshi): AM I ni za mwendo wa pole, AM II za mwendo wa haraka wa askari wa miguu, AM III za wapanda farasi. "Preußens Gloria" ya mtunzi Piefke (1871) ni AM II, 240.

Kuzichanganya na za Kiingereza katika onyesho moja si kosa. Kuanzia 1714 hadi 1837 Uingereza na Hanover zilikuwa na mfalme mmoja. 1785 kikosi cha Coldstream Guards kilipata bendi ya wanamuziki 12 kutoka Hanover. Na shule ya muziki wa jeshi ya Kneller Hall ilipofunguliwa 1857, mkuu wake wa kwanza alikuwa Mjerumani, Schallehn. Hata wimbo wa mwendo wa pole wa kikosi cha Kiingereza cha Grenadier Guards umetoka kwenye opera ya Handel, mzaliwa wa Halle.

Wapiga ngoma waambiwe mapema mnaanzaje. Kiingereza ni mingurumo miwili ya hatua tatu tatu, kisha bendi inaingia. Kijerumani, ngoma na filimbi hutangulia peke yao. Msipokubaliana, nusu ya bendi itaingia mapema.

"Badenweiler", wimbo mwingine wa gwaride wa Kijerumani, iacheni. Ilitungwa kabla ya Hitler kuipenda, lakini amri ya 1939 iliifanya ipigwe mbele yake tu, na mgeni wa Kijerumani jukwaani ataitambua.